Kurudisha futresti nyuma kwenye Honda CG125 ya zamani, nichukue zipi?

Ngosha_Igoma

Habari za jioni wakuu. Nina Honda CG125 ya mzee wangu, alikuwa bwana shamba huko Magu miaka ya themanini, alivyostaafu pikipiki ikakaa banda la kuku mpaka mwaka juzi nikaitoa nikaifufua. Injini haina neno, ile ya fito (fito ndefu zinasukuma valvu), ukisafisha kabureta na kubadili oili inawaka kiki ya pili. Kilichobaki ilikuwa muonekano, basi nimekata kiti kikawa kifupi, madigadi nimetoa, usukani wa juu nimetoa nikafunga ule mfupi wa vipande viwili unaoshika kwenye shokapu za mbele. Imependeza asikwambie mtu, hapa Igoma, Mwanza, kila nikisimama kuna dogo anauliza shingapi.

Shida sasa ni ukaaji. Mikono iko chini mbele, miguu nayo bado iko mbele palepale ilipowekwa na Honda, yaani nakaa kama mtu amekaa kwenye kigoda anafua nguo kwenye beseni. Kufika Kisesa tu mgongo unalia na viganja vimekufa ganzi. Ndo nikaambiwa nirudishe futresti, yaani vile vyuma vya kuwekea miguu, nyuma na juu kidogo.

Nimeshapata njia tatu. Ya kwanza kuna seti za kichina mtandaoni za alumini iliyochongwa kwa CNC (mashine ya kompyuta), wanasema zinaingia pikipiki yoyote, muuzaji kaniambia laki mbili na ishirini mpaka inanifikia. Ya pili kuna jamaa Makoroboi ana seti iliyotumika, katoa kwenye pikipiki kubwa ya kijapani, imeandikwa Tarozzi, kampuni ya Italia, nzuri sana kwa macho ila bei yake anaitaja akiwa anaangalia pembeni. Ya tatu ni fundi wa kukereza kule Nyakato anasema atanitengenezea kila kitu mwenyewe.

Vitu vya kujua: breki ya nyuma ni ya drami, inavutwa na rodi. Kiki iko kulia. Gia ya kwanza chini nyingine juu. Futresti zangu mimi ziko kwenye lile bomba moja linalopita chini ya injini na za abiria zimefungwa kwenye swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma. Na abiria ninaye, mke wangu Jumapili lazima nimpeleke kanisani Nyegezi.

Nichukue ipi?

dogo_wa_mabatini

Picha mkuu. Uzi wa pikipiki bila picha ni kama mwaloni bila dagaa

SpanaKumi

Ngosha umeuliza vizuri sana maana umetaja breki na kiki, wengi wanauliza rangi.

Nianze na lile neno "inaingia pikipiki yoyote". Haliko hivo. Kinachoingia pikipiki yoyote ni kile kidude cha kukanyagia tu, mabamba yake ya kufungia hayaingii popote mpaka uyatengenezee pa kukaa. Kwahiyo hata ukinunua ya laki mbili na ishirini bado utaenda Nyakato, ujue hesabu yako ni hiyo jumlisha fundi.

Alaf kuna mtego kwenye breki ambao sijui kwanini wauzaji hawausemi. Seti nyingi za sasa zimetengenezwa kwa pikipiki za diski nyuma. Kwenye diski pedeli inasukuma, ukikanyaga kamkono kadogo ka pedeli kanasukuma pini ya masta silinda (pampu ya mafuta ya breki). Ya kwako ni drami, rodi inatakiwa IVUTWE kwenda mbele. Ukikanyaga pedeli ule mkono wa juu ya ekseli ya pedeli ndo unaenda mbele na kuivuta rodi. Ukinunua ile ya kusukuma itabidi uchomelee mkono mwingine kwenye pedeli, na kama pedeli ni alumini basi unahitaji fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni, sio huyu wa geti na madirisha. Muulize muuzaji akutumie picha ya pedeli ya breki kwa pembeni, ukiona hakuna mkono uliosimama juu ya ekseli achana nayo.

Na nguvu ya breki nayo inabadilika, hapa watu wanakufa kwa hesabu ndogo tu. Pima pedeli yako ya sasa, kutoka katikati ya ekseli mpaka unapokanyaga, alaf kutoka ekseli mpaka tundu la rodi. Tuseme umepata milimita 150 na 50, hiyo ni mara tatu, kilo moja ya mguu inakuwa kilo tatu kwenye rodi. Seti mpya pedeli zake ni fupi, ukikuta 100 kwa 40 hiyo ni mara mbili na nusu. Breki ipo lakini unakanyaga mpaka unatoa jasho, na drami ya CG ilivyo ukishuka kilima na mtu nyuma huitaki hiyo. Dawa yake tundu la rodi lisogezwe karibu na ekseli, kwenye huo mfano ni milimita 33 unarudi kwenye mara tatu yako. Ila ukilisogeza karibu sana pedeli itakuwa na safari ndefu, inafika chini kabla breki haijashika. Usizidishe.

Gia ni rahisi kidogo. Mkono mmoja unavaa kwenye meno ya shafti ya gia, mwingine uko kwenye pedeli mpya, katikati rodi yenye vichwa vya mpira wa chuma pande zote mbili. Mikono yote miwili ielekee upande mmoja, yote juu au yote chini. Mmoja ukiwa juu mwingine chini gia zinageuka, ya kwanza inakuwa juu na nyingine chini kama pikipiki za mashindano, utakuja kuingia mbili ukitaka nne uone moto. Na rodi na mkono vitengeneze pembe mraba, nyuzi 90, pedeli ikiwa imetulia. Ikiwa imelala sana gia inakuwa nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine, mtu anadhani klachi imekufa.

Kuhusu wapi pa kufunga, narudi baadae kuna mteja.

Mzee_wa_Kirumba

Nimesoma nimecheka. Mwanangu hiyo CG nimeiendesha tangu bado nina nywele, nimepita nayo Ngudu, Malya, Sumve, masika na kiangazi, na gunia la mbegu ya pamba nyuma. Lile bomba chini ya injini unalotaka kulitoa ndilo linaloiokoa pikipiki ikianguka, linagonga lenyewe, unalinyoosha kwa nyundo unaendelea na safari. Wajapani waliitoa hiyo pikipiki 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, injini ya fito, vitu vichache vya kuharibika. Wewe umeikata kiti na kuiinamisha alaf unashangaa mgongo unauma.

Dawa ni laki mbili? Rudisha usukani wa zamani. Bure.

Ngosha_Igoma

Shikamoo mzee wangu. Usukani wa zamani ninao ila roho inakataa kwakweli 😂

Mzee_wa_Kirumba

Marahaba. Roho ikikataa mgongo utaishawishi.

Nyegezi_Girl

Hamjambo. Mi naendesha Suzuki GN125 niliyoirudisha futresti nyuma, nimekaa nayo miaka mitatu sasa, na kabla ya kuzungumzia chuma ngoja nimwambie kaka kitu ambacho mi niliambiwa nikapuuza.

Usinunue kitu chochote bado. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, panga matofali pande zote mbili pale unapotaka miguu ikae, matofali na vipande vya mbao mpaka urefu ufike, kaa juu shika usukani kabisa kama unaendesha. Alaf kaa. Sio dakika mbili za kupiga picha, kaa nusu saa, weka redio, ongea na simu. Goti likianza kuuma umerudisha au umepandisha kupita kiasi. Sogeza matofali rudia. Mi niliona wanaoweka picha mtandaoni nikafunga juu sana, na mimi mguu mrefu, goti likakunjika kama la panzi, safari ya Mwanza Bunda nilisimama mara nne kujinyoosha na nikaja kutoboa upya matundu ya bamba. Ukipata mahali panapokaa vizuri pima kwa futi kutoka kwenye futresti ya zamani, nyuma sentimita ngapi juu ngapi, hizo namba mbili ndo unampelekea fundi. Sio jina la kampuni.

La pili kiki. Kwako iko kulia na futresti ya kulia ukiirudisha nyuma itakaa palepale mkono wa kiki unaposhukia. Kwahiyo ya kulia LAZIMA iwe ya kukunja, unaikunja juu kwanza alaf unapiga kiki. Nyingi za bei rahisi hazikunji, zimekazwa moja kwa moja kwenye bamba. Hata ya kushoto mi ningechukua ya kukunja, pikipiki ikilala ile iliyokazwa inachimba chini na kuvunja bamba au inang'ang'ania lami kwenye kona, ya kukunja inapanda tu.

La tatu zile zilizochongwa makwaruzo makali zinakula soli. Na kama unaendesha na ndala, ambapo najua unaendesha na ndala, utajua. Lakini kipindi cha mvua ndo zinashika vizuri, zile laini nimeteleza nazo pale mteremko wa Bugando nusura nikanyage lami. Zenye mpira juu zinapunguza mtetemo, na hiyo CG inatetemeka, kwahiyo ni wewe na miguu yako.

boda_wa_buswelu

mi swali tu, hapa wengi tuna boxer 100, gia nne zote unakanyaga mbele na kurudi unakanyaga kisigino, hizo futresti za nyuma zinafaa au

SpanaKumi

@boda_wa_buswelu utapoteza kile kisigino. Itabidi uwe unanyanyua kwa kidole kurudi, inawezekana ila kama unabeba abiria kutwa nzima usijisumbue, hata huo mgongo wako kwenye Boxer hauna shida.

Narudi kwa Ngosha. Pa kufunga. Watu wengi wakiona futresti za abiria wanasema hapohapo, naweka zangu hapo. Kama za abiria zingekuwa kwenye fremu sawa. Zako ziko kwenye swingamu, na swingamu inapanda na kushuka na tairi. Miguu yako itakuwa inapanda na kushuka na kila shimo, rodi ya gia nayo inavutwa na kusukumwa kila swingamu ikicheza, utakuta gia imeruka yenyewe katikati ya barabara. Abiria hana pedeli, yeye haimsumbui sana. Wewe usifunge kwenye swingamu hata ukiambiwa na nani.

Kwahiyo ni fremu. Kuna wanaotumia boliti ndefu ya swingamu yenyewe kama nguzo, wanabadilisha ekseli wanaweka ndefu zaidi na bamba linabanwa hapo. Inafanya kazi lakini bamba linahitaji tundu la pili mahali pengine kwenye fremu ili lisizunguke, na nati ya ekseli lazima iingie thredi zake zote. Mi napendelea kuchomelea masikio ya chuma kwenye fremu, bamba la chuma cha kawaida milimita 6, yenye kona ya kuimarisha nyuma yake. Usimruhusu mtu atoboe bomba la fremu apitishe boliti. Na kabla ya weldi toa betri na chomoa boksi la CDI (la umeme wa plagi) kama iko na CDI, nimeshaona mtu kaunguza umeme wote kwa kuona uvivu wa kuchomoa soketi mbili.

Boliti ziwe M8 zenye namba 8.8 kichwani. Zile ambazo hazina namba ni za vitanda. Kaza kama Nm 25 kwa spana ya torki, weka loktaiti (gundi ya boliti), baada ya wiki kagua kama kuna iliyolegea.

Lamadi_Rider

Wakuu niongezee la kwangu maana limenikuta. Nilinunua mabamba kwa muuzaji mmoja simtaji, yanang'aa kabisa, nikafunga kwenye Honda yangu ya zamani, mwezi wa pili tu nikiwa natoka Bunda kuja Lamadi nimesimama kwenye futresti kupita pale barabara ilipobomoka, bamba la kushoto likakatika kaa! Mguu ukagonga chini na pikipiki ikaenda zigzag, namshukuru Mungu hakukuwa na lori nyuma. Kuangalia pale lilipokatika ndani kuna chembechembe za kijivu kama sukari. Ilikuwa alumini ya kumimina kwenye kalibu, juu wamepiga rangi tu. Iliyochongwa kutoka kwenye bamba zima haikatiki hivo, inapinda kwanza.

Namna ya kujua kabla hujanunua angalia nyuma ya bamba, pale ambapo hakuna anayepaangalia. Ya kuchongwa ina mistari ya kisu cha mashine na kona zake kali. Ya kumimina kona zimelainika na kuna kamstari pale kalibu mbili zilipokutana. Kama muuzaji ameandika 6061 T6 au 7075, hizo ni aina za alumini imara, ni nzuri ila kuandika ni bure, angalia nyuma.

Ngosha_Igoma

Wakuu wabeja sana. Jana jioni nimefanya ile ya matofali, mke wangu akawa ananiangalia kutoka jikoni akasema jirani wataanza kuuliza kama niko sawa.

Matokeo. Nilianza na sentimita 18 nyuma na 8 juu kama nilivyoona kwenye picha, dakika kumi goti la kulia likagoma (liliumia mpirani zamani). Nikashusha, nikasogeza, mwisho nimetulia na 11 nyuma na 4 juu, nusu saa nzima bila maumivu na uzito ukatoka kwenye viganja. Yaani ni kidogo kuliko nilivyofikiri.

Ila nikagundua kitu kingine. Nikamwita mama watoto apande nyuma, miguu yake kwenye futresti zake. Pale kwenye 18 kisigino changu kilikuwa kinakaa juu ya vidole vyake kabisa. Pale kwenye 11 tunapishana kama vidole viwili. Amekubali, kasema ila viatu vya kanisani nikivichafua nitavinunua.

Kwahiyo ile seti ya Makoroboi nimeiacha, nimeenda kuiangalia, nzuri kweli lakini ni ya diski kama alivyosema SpanaKumi, pedeli haina mkono wa juu na futresti ya kulia haikunji. Jamaa alivyoona naipima kwa futi akaanza kushusha bei mwenyewe.

Ninachofikiria sasa ni kununua vile vidude vya kukanyagia peke yake, vya kukunja, na rodi ya gia yenye vichwa vyake, mabamba nikachonge Nyakato. Pedeli ya breki nibaki na ya Honda niikate na kuichomelea iwe fupi maana ni chuma. Inafaa?

SpanaKumi

Inafaa na ndo ningekushauri tangu mwanzo ila ningekwambia mwanzo usingepanga matofali. Mabamba alumini milimita 10, chora kwanza kwenye plaiwudi, funga plaiwudi kwenye pikipiki, kaa, piga kiki, zungusha pedeli zote uone haigusi mnyororo wala bomba la moshi, ndo upeleke plaiwudi kwa fundi akate kwa kufuatisha. Plaiwudi ukikosea ni elfu mbili.

Pedeli ya Honda ukiikata kumbuka zile namba mbili za ekseli, mkono mrefu ukiufupisha na mfupi unaufupisha kwa uwiano uleule. Rodi ya breki nayo itakuwa fupi, usiikate upande wa drami wenye thredi na ile nati ya kurekebisha, kata upande wa mbele na ukunje ndoano mpya, au utakosa pa kukazia breki zikilika.

Rodi ya gia inakuja na thredi ya kushoto upande mmoja na ya kulia upande mwingine, ndo maana ukizungusha rodi katikati pedeli inapanda au kushuka bila kuichomoa rodi. Usilazimishe nati ikikataa, geuza upande. Na vile vichwa vya rodi vivalishe mpira wa kuzuia vumbi, ukienda huko Misungwi kwenye vumbi mwezi mmoja vinaanza kulia kwikwikwi.

Nyegezi_Girl

Na swichi ya taa ya breki! Kila mtu anaisahau. Ile inavutwa na kaspringi kutoka kwenye pedeli ya zamani, ukisogeza pedeli kaspringi hakafiki, unatembea wiki mbili bila taa nyuma mpaka daladala ikukumbushe. Toboa tundu dogo kwenye pedeli mpya na uhamishe kibano cha swichi nyuma. Na springi ya kurudisha pedeli pia, bila hiyo breki inabaki inakwaruza kidogokidogo drami inachemka.

Mzee_wa_Kirumba

Lile bomba la chini usilitupe. Likate miguu tu ulirudishe tupu lilinde injini. Ukitaka kulitupa naomba uniletee mimi hapa Kirumba, langu limepinda.

Ngosha_Igoma

Mzee bomba nalibakiza, wazo zuri sana. Jumamosi naenda Nyakato na plaiwudi. Kuna anayejua vile vya kukanyagia vya kukunja pale mjini nani anavyo, sio vya mtandaoni?

dogo_wa_mabatini

Makoroboi maduka ya spea, peleka futresti ya zamani ya mkononi uwaonyeshe pini na springi, wana za pikipiki za kichina zilizoiga CG, pini ni ileile. Ila picha bado hujaweka

Ngosha_Igoma

Jumapili baada ya kanisa, akishuka tu.